Emacs: namna mapangilio ya mtu mmoja yalivyokuwa mali ya wengi

Katika sekretariati ya umma yoyote ya Bukavu, Uvira ama Goma, pale watu wanapopeleka barua zao zichapwe, jambo hili linajulikana. Kijana wa zamu ya asubuhi anakaa mbele ya mashini ambayo mwenzake aliitumia jana jioni, na kila kitu kimegeuka. Herufi zimekuwa kubwa, maneno ya kwenye kioo yamehamia Kiingereza, na klavie iliyoandikwa A, Z, E, R, T, Y inatoa Q pale anapobonyeza A. Mwenzake hakuharibu kitu. Alijipangia tu mashini namna inavyomfaa yeye, akaenda zake.

Shida ya namna hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka wa 1976 huko Marekani, programu ya kuandikia inayoitwa Emacs. Inatumika mpaka leo, na sifa yake kubwa ni kwamba mwenye kuitumia anaweza kuibadili karibu kila sehemu. Hapo ndipo penye historia yenyewe. Kama kila mtu anajitengenezea chombo chake, watu watasaidianaje? Na kile ambacho mmoja amekitengeneza vizuri, kitafikaje kwa wengine bila kupotea njiani?

Katika miaka ya 1970, maabara ya akili bandia ya chuo kikuu cha MIT, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, ilikuwa na kompyuta kubwa ya aina ya PDP-10. Mashini hiyo moja ilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa na kioo chake na klavie yake. Mfumo ulioiendesha uliitwa ITS, na watu wa maabara ndio walioutengeneza kwa mikono yao. Haukuwa na neno la siri. Mtu yeyote aliweza kufungua faili ya mwenzake, kuisoma, kuinakili, hata kuirekebisha akiona kosa. Kwa wakaaji wa maabara hilo halikuwa uzembe. Waliona mlango uliofungwa ndio unaochelewesha kazi.

Programu waliyoandikia iliitwa TECO. Dan Murphy ndiye aliyeianza hapo MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati maandishi ya kompyuta yalikuwa bado yanatobolewa kwenye ukanda wa karatasi. TECO ilikuwa na nguvu lakini ilikuwa ngumu sana. Amri zake zilikuwa herufi mojamoja zilizofuatana, na karibu kila herufi ilikuwa na maana. Wenyewe walikuwa na mchezo wa kuchekesha: andika jina lako kama amri ya TECO, kisha ukisie litafanya nini. Kwa wengine lilifuta ukurasa.

Mwanzoni TECO haikuonyesha maandishi wakati mtu anayabadili. Mtu alitoa amri, kisha akaomba aonyeshwe matokeo. Carl Mikkelsen, mmoja wa watu wa maabara, akaiongezea njia ya kuona maandishi kwenye kioo huku yanabadilika. Richard Stallman, kijana aliyeingia maabara mwaka wa 1971, akaiandika upya njia hiyo ili ifanye kazi haraka, halafu akaongeza jambo dogo lililokuja kuwa kubwa. Alifanya kila kitufe cha klavie kiweze kufungwa kwenye programu fupi ya TECO, ambayo wao waliiita makro. Tangu hapo, kubonyeza kitufe kimoja kuliweza kufanya kazi yoyote ambayo mwenye mashini ameiandikia.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Kila fundi alianza kuandika makro zake. Mmoja alipenda kitufe fulani kifute neno zima. Jirani yake alikitumia kitufe hichohicho kuhifadhi faili. Mafungu ya makro yalipewa majina, kama TECMAC na TMACS, na kila fungu lilikuwa na wafuasi wake. Baada ya muda mfupi maabara nzima ilikuwa inatumia programu moja kwa jina, lakini kwa kweli kila mtu alikuwa na yake. Aliyeitwa kumsaidia mwenzake alifika kwenye kiti, akabonyeza kitufe alichokizoea, na kazi ya mwenzake ikaenda kombo. Watu waliokula pamoja na kukesha pamoja hawakuweza tena kukaa kwenye kiti kimoja.

Guy Steele ndiye aliyeanza, mwaka wa 1976, kukusanya makro hizo na kuzipangia utaratibu mmoja wa vitufe, akisaidiana na David Moon na wengine. Stallman akaichukua kazi hiyo na kuifikisha mwisho. Akaiita EMACS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya makro za kuhariri. Herufi E ilimfaa pia kwa sababu nyingine ya kawaida kabisa: katika mfumo wa ITS hapakuwa bado na programu iliyofupishwa kwa E.

Mtu angeweza kufikiri kwamba dawa ya fujo ni kukataza. Wote watumie vitufe sawa, na anayebadili aadhibiwe. Hawakufanya hivyo. EMACS ilileta msingi mmoja ambao kila mtu anaukuta akifungua, na juu ya msingi huo kila mtu alibaki huru kuweka yake. Mapangilio ya mtu yaliwekwa katika faili yake mwenyewe, na programu iliisoma faili hiyo kila ilipowashwa. Makro zilizokuwa na faida kwa wengi ziliwekwa katika maktaba, na yeyote aliweza kuziita. Ukarimu wa ITS ulisaidia hapa: anayetaka kujua namna jirani alivyofanya kioo chake kiwe vile, alifungua tu faili ya jirani na kusoma.

Stallman aliweka na sharti. Aliyeipokea EMACS alitakiwa kurudisha kwake kila uboreshaji atakaoufanya, ili uingizwe katika programu na kupelekwa kwa wote. Utaratibu huo aliuita komuni ya EMACS. Neno hilo lisimchanganye mtu wa Kivu: halihusu komine kama Kadutu ama Ibanda yenye bourgmestre na kodi. Ni jamii ya watu wanaoishi kwa kuchangiana. Iko karibu zaidi na likelemba, ambapo kila mwanamemba anatoa na kila mwanamemba anapokea, isipokuwa hapa mchango hauishi ukishapewa mtu. Makro moja ikinakiliwa mara mia, mwenye kuiandika bado anayo.

Hata hivyo likelemba ile ilikuwa na kasoro yake, na kasoro ilikuwa kwa mshika sanduku. Kila kitu kilipitia kwa mtu mmoja. Yeye ndiye aliyeamua kipi kiingie na kipi kibaki nje, na aliyebadili kwa matumizi yake tu alikuwa bado ana deni la kuripoti. Leo shirika la Free Software Foundation, ambalo Stallman mwenyewe alikuja kulianzisha, linasema wazi kwamba leseni inayomlazimisha mtu kumpelekea mtengenezaji wa kwanza mabadiliko yake haihesabiwi kuwa ya programu huru. Kwa hiyo sheria ya komuni ya kwanza isingepita mbele ya mwanzilishi wake.

Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo kinachostahili kukumbukwa kuliko majina ya mafundi. Mwaka wa 1978, Bernard Greenberg, aliyefanya kazi katika kampuni ya Honeywell, aliandika Emacs nyingine kwa ajili ya mfumo unaoitwa Multics. Yeye hakutumia TECO. Alitumia Lisp, lugha ya programu iliyokuwa imezoeleka maabara. Makarani wa biro yake walianza kuitumia kuandikia barua. Walipewa kitabu cha maelezo kilichoonyesha namna ya kuiongezea Emacs mambo mapya, lakini kitabu hicho hakikusema popote kwamba kufanya hivyo ni kuandika programu. Makarani wale walijiamini kuwa watu wasioweza programu. Kwa kuwa hakuna aliyewatisha, walisoma, wakajaribu, na wakajikuta wanaandika vipande vya Lisp vya kurahisisha kazi zao. Stallman mwenyewe amekisimulia kisa hicho hadharani, kama ushahidi kwamba mtu wa kawaida anaweza kukitengeneza chombo chake akipewa sababu na njia.

Kisha maabara ikavunjika.

Mashini mpya zilizoendeshwa kwa Lisp ziligeuka biashara. Kampuni ya Symbolics, iliyoundwa na watu waliotoka palepale, iliwachukua mwaka wa 1981 karibu mahodari wote wa maabara. Mwaka wa 1982 maabara ilinunua PDP-10 mpya, na wakubwa wake wakaamua iendeshwe kwa mfumo wa kampuni ya Digital badala ya ITS. Wengi wa watu walioweza kuitunza ITS walikuwa wamekwishaondoka. Mwaka wa 1983 Digital nayo ikauacha mradi wake wa kutengeneza kizazi kipya cha PDP-10. EMACS ya kwanza iliandikwa kwa TECO, na TECO ile iliandikwa kwa lugha ya mashini hiyo peke yake. Mashini ikifa, yote yaliyowekwa ndani yake na watu wale kwa miaka yanakufa nayo: vitufe vyao, maktaba zao, hata mazoea ya vidole vyao.

Wengine walikwisha kuanza kuijenga Emacs kwingine. James Gosling, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa lugha ya Java, aliandika mwaka wa 1981 Emacs ya mfumo wa Unix, akiwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon. Mwanzoni aliigawa kwa wengi bila vizuizi vikubwa. Mwaka wa 1983 aliiuza kwa kampuni ya UniPress. Watu waliokuwa wameizoea, na hata kuchangia marekebisho, walijikuta mbele ya duka.

Tarehe 27 mwezi wa tisa 1983, Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwezi wa kwanza 1984 aliacha kazi MIT. Mwezi wa tisa mwaka huohuo alianza GNU Emacs, na mwaka wa 1985 ikatoka mbele ya watu. Kwanza alikuwa ametumia baadhi ya maandishi ya programu ya Gosling, hasa sehemu ya kuonyesha maneno kwenye kioo. UniPress ilipopinga, aliiandika upya sehemu hiyo. Aliyekuwa na mtandao alijichukulia programu bure kutoka kompyuta ya MIT. Asiyekuwa nao aliandika barua, akalipa dola 150, akatumiwa ukanda wa sumaku. Dola hizo zilimlisha Stallman kwa muda.

Ugomvi ule na UniPress ulimwachia somo. GNU Emacs ilipata leseni yake yenyewe, na leseni hiyo ndiyo mzazi wa GPL ya mwaka 1989. Sharti la kurudisha kila kitu kwa mtu mmoja halikuwemo tena. Badala yake, anayeigawa programu, hata akiibadili, sherti awape wale anaowagawia haki zilezile alizopewa yeye. Anayebadili kwa matumizi ya nyumbani hana deni kwa mtu.

Ndani ya GNU Emacs kulikuwa na Lisp kamili, kama kwa Greenberg. Mapangilio ya mtu yaliingia katika faili iliyoitwa .emacs, iliyowekwa katika nyumba yake, maana hivyo ndivyo Unix inavyoliita eneo la kila mtumiaji. Faili ile ni maandishi matupu. Mstari mmoja unaweza kusema: kitufe F5 kikibonyezwa, andika tarehe ya leo. Mwingine unasema: usiache nakala za akiba zimetapakaa kila fasi. Mtu anaanza na mistari mitano. Baada ya miaka kumi anayo elfu mbili, na mingine ameshasahau aliiandika kwa nini.

Kwa kuwa ni maandishi, faili hiyo ilisafiri kirahisi. Ilipitishwa kwa diski, kwa barua pepe, kwa kuigiza kutoka karatasi. Mwanafunzi mgeni alipewa .emacs ya mkubwa wake, ambaye alikuwa amepewa na mkubwa aliyemtangulia. Vipande vilivyoandikwa chuoni California vilikutwa Japani, bila jina la mwenye kuviandika. Hapo palikuwa na uzuri, na palikuwa na hatari pia. Anayenakili mistari asiyoielewa anabeba na makosa ya mwenye nayo, na mara nyingine mistari hiyo inatafuta mashini ya kuchapa iliyokuwa katika chumba ambacho yeye hajawahi kukiona.

Mambo mawili yalisumbua sana, na yote mawili yanafanana na mambo ya mashamba na mipaka. La kwanza ni majina. Katika Lisp ya Emacs majina yote yanakaa katika kiwanja kimoja. Watu wawili wakiipa kazi yao jina lilelile, ile iliyosomwa mwisho inaifuta ya kwanza, bila onyo. Dawa ilikuwa ya desturi tu: kila fungu la kazi liweke jina lake mbele ya kila neno, kama ukoo. Hakuna polisi wa kulinda desturi hiyo, lakini inaheshimiwa.

La pili ni vitufe. Kila aliyeandika maktaba mpya alitaka vitufe vizuri viwe vyake, na mtumiaji aliyejipangia vya kwake aliamka asubuhi akakuta vimechukuliwa. Hapo kitabu cha maelezo cha Emacs kiliweka mpaka. Kubonyeza Control pamoja na C, kisha herufi yoyote ya kawaida, ni eneo la mtumiaji peke yake. Vilevile vitufe F5 mpaka F9 vikiwa peke yao. Anayeandika kitu cha kugawia wengine hana ruhusa ya kugusa hapo. Ni sheria fupi, na huenda ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu inamwambia mwenye nyumba kwamba kuna chumba ambacho mgeni hataingia hata kama amekaribishwa.

Ugomvi haukuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Lucid, iliyohitaji Emacs kwa bidhaa yake, ilishindwa kuelewana na Stallman juu ya mwendo wa kazi, ikatoa Emacs yake iliyokuja kuitwa XEmacs. Kwa miaka mingi kulikuwa na kambi mbili. Watu wa kawaida walilipa gharama: faili ya mapangilio ilibidi ianze kwa kuuliza iko katika Emacs ipi, kisha ifuate njia moja ama nyingine. Waandishi wa maktaba nao waliandika kila jambo mara mbili. Baadhi ya kazi nzuri za XEmacs hazikuweza kuvuka kwenda GNU, kwa kuwa Free Software Foundation inadai kila mchangiaji atie sahihi karatasi ya kuikabidhi hakimiliki, na si wote waliokuwa tayari ama walioweza kupatikana. Karatasi ina faida yake mbele ya mahakama. Lakini imewaacha nje watu wengi wenye mikono mizuri.

Mfano wa upande wa furaha ni wa Carsten Dominik, mtaalamu wa nyota katika chuo kikuu cha Amsterdam, Uholanzi. Mwaka wa 2003 alichoka na maandishi yake yaliyotapakaa: mambo ya kufanya, tarehe, mawazo ya utafiti. Alichukua sehemu ya Emacs iliyokuwepo, ya kukunja na kukunjua vichwa vya habari, akaipangia upya kwa mahitaji yake. Alipoigawa, wengine wakaiongezea meza za hesabu, kalenda, barua, vitabu vizima. Ikaitwa Org, na mwaka wa 2007 ikaingia ndani ya Emacs yenyewe. Kuna watu leo wanaotumia Emacs kwa ajili ya Org tu. Wengi wao wanaandika hata mapangilio yao ndani ya Org: aya ya maelezo kwa lugha ya kawaida, chini yake mistari ya Lisp. Faili hiyo inaweza kusomwa na binadamu kama barua, na mashini ikachukua ile mistari inayoihusu. Anayeirithi anajua mwenye nayo alikusudia nini.

Mpaka miaka ya 2000 kugawana kulikuwa bado kwa mkono. Mtu alinakili faili, akaiweka mahali pake, akasahau. Kasoro ikirekebishwa na mwenye kuiandika, habari haikumfikia. Tom Tromey akaandika programu ya kuleta vifurushi kutoka ghala moja, kuvisimika na kuvifanya vipya, na mwezi wa sita 2012, Emacs ya 24 ilipotoka, programu hiyo ilikuwa ndani yake. Ghala la GNU lilishika sharti la karatasi ya hakimiliki. Wajitolea wakafungua lingine, MELPA, lisilodai karatasi, na likajaa maelfu ya vifurushi. Baadaye mradi wa GNU nao ukafungua ghala la pili kwa ajili ya kazi zisizo na karatasi, na tangu Emacs ya 28, ya mwaka 2022, ghala hilo linapatikana bila mtu kuongeza kitu.

Ghala lilileta urahisi pamoja na hofu. Kifurushi cha Emacs ni programu kamili. Kinaweza kusoma faili zote za mwenye mashini na kuzifuta. Kwa muda MELPA ilichukua pia kazi zilizowekwa katika EmacsWiki, kurasa ambazo mtu yeyote aliweza kuzihariri. Ikaacha. Ukarimu wa ITS, wa mlango usiofungwa, ulifaa pale ambapo kila mtu alimjua aliyekuwa kwenye kiti cha pili.

Siku hizi mtu hagawi tena mistari mitano. Wengi wanaweka folda nzima ya mapangilio yao hadharani, pamoja na historia ya kila badiliko, wakitumia Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Ukiisoma historia hiyo unaona maisha ya mtu: mwaka aliobadili kazi, wiki alizotaka kuacha Emacs, siku aliyorudi. Wengine wamefanya mapangilio yao kuwa bidhaa kamili ya kugawia wasiotaka kuanza sifuri. Prelude ya Bozhidar Batsov ni mojawapo, na Spacemacs ya Sylvain Benner na Doom ya Henrik Lissner zimepata wafuasi wengi. Zinasaidia mgeni siku ya kwanza. Siku ya mia, kitu kinapovunjika, mgeni huyo hajui kama kosa ni la Emacs, la mwenye Doom, la kifurushi, ama lake.

Watumiaji wa zamani wana neno la kufilisika kwa .emacs. Ni pale faili imekuwa kichaka, kila marekebisho yanaleta kasoro mbili, na mwenyewe anaamua kuifuta yote na kuanza ukurasa mtupu. John Wiegley alitengeneza use-package ili kupunguza balaa hilo: mambo yote ya kifurushi kimoja, vitufe vyake na matakwa yake, yanakaa mahali pamoja badala ya kutawanyika katika faili nzima. Tangu mwaka 2023 nayo imo ndani ya Emacs.

Kosa moja linarudiarudia kwa wanaogawa, na ni zito. Mtu anaipeleka hadharani folda yake yote, na ndani yake limo neno la siri la barua pepe. Kulifuta kesho hakutoshi, kwa sababu historia ya Git inalitunza. Emacs ina njia ya kuliepuka: maneno ya siri yanakaa katika faili nyingine, iitwayo .authinfo, ambayo inaweza kufungwa kwa ufunguo wa siri, na faili ya mapangilio inayaomba huko yanapohitajika. Anayejua hilo anaweza kugawa kila kitu chake bila kugawa funguo za nyumba.

Kwa mahali ambapo mtandao unakatika ama ni wa bei, kuna jambo la kujua. Folda ile inaitwa .emacs.d, na vifurushi vilivyokwisha kusimikwa viko ndani yake. Inaingia yote kwenye flashi moja ndogo. Kitabu cha maelezo kinakuja na Emacs, na kinasomeka ndani yake bila mtandao. Mtu aliyepoteza mashini, ama aliyeiacha alipolazimika kuondoka, akibaki na flashi hiyo na akapata kompyuta yoyote yenye Emacs, anafungua na kukuta vitufe vyake viko pale alipoviacha. Uangalifu mmoja tu: vifurushi vilivyotengenezwa kwa toleo jipya mara nyingine vinakataa kwenye toleo la zamani, na inabidi kuvisimika upya.

Na ile shida ya kiti kimoja, iliyowakuta watu wa MIT? Anayeripoti kasoro kwa watunzaji wa Emacs huulizwa kwanza kama kasoro hiyo inatokea pia akiiwasha kwa alama ya -Q. Alama hiyo inaifungua Emacs tupu, bila mapangilio ya mtu yeyote. Hapo wawili ambao mashini zao hazifanani hata kidogo wanaona kioo kilekile, na wanaweza kuzungumza. Toleo la 29, lililotoka mwezi wa saba 2023, lilileta alama nyingine, --init-directory. Kwa hiyo mtu anaweza kuiambia Emacs isome folda ya rafiki yake, akaandika nayo mchana kutwa kwa vitufe vya rafiki, kisha akaifunga. Folda yake mwenyewe haijaguswa.